Sura ya Nne: Bweni Ndilo Mgonjwa

Upele wa shuleni hufuata kalenda ya shule. Januari shule zinafunguliwa na hakuna anayelalamika. Mwishoni mwa Februari watoto wachache wanaanza kujikuna usiku. Machi matroni anaona mistari ya kucha kwenye viwiko na viunoni. Likizo fupi ikifika, upele unapanda basi kwenda Singida, Tanga na Sumbawanga, unakaa nyumbani wiki moja na wadogo zao, kisha unarudi bwenini pamoja na wenyewe. Anayeisoma kalenda hiyo kwa makini atauelewa ugonjwa huu kuliko anayetazama vidole vya mtoto mmoja aliyejaa vipele.

Wazazi huuliza swali lilelile kila mwaka: mtoto wangu aliondoka nyumbani msafi, na sabuni ya mwezi mzima, shuka jozi mbili na godoro jipya, imekuwaje anarudi hivi? Jibu linalotolewa haraka ni uchafu. Jibu hilo limewaumiza watoto wengi na halijamponya hata mmoja. Chanzo hasa kimo katika namna bweni linavyopokea wanafunzi, linavyolala, linavyonyamaza na linavyotibiwa. Nitayachukua mambo hayo moja baada ya jingine, kwa sababu kila moja ni mlango, na mlango unaojulikana unaweza kufungwa.

Mwezi usiowasha

Tuanze na mdudu mwenyewe. Utitiri wa upele hauzidi nusu milimita kwa urefu. Jike huchimba mfereji mwembamba katika tabaka la juu kabisa la ngozi na kutaga humo mayai mawili au matatu kwa siku. Mayai huanguliwa baada ya siku tatu au nne, na watoto wa utitiri hukomaa katika muda wa wiki mbili hivi. Jike mmoja huishi mwezi mmoja hadi miwili. Mgonjwa wa kawaida, hata yule ambaye mwili wake wote umetapakaa vipele, huwa na utitiri kati ya 10 na 15 tu.

Vipele vingi hivyo vinatoka wapi basi? Vinatoka katika mwili wa mgonjwa mwenyewe. Mwasho wa upele ni hasira ya mwili dhidi ya utitiri, mayai yake na kinyesi chake. Hasira hiyo haianzi siku ya kwanza. Kwa mtu ambaye hajawahi kuugua upele, mwili huchukua wiki nne hadi sita kabla ya kuanza kuwasha. Kwa aliyewahi kuugua, mwasho huja ndani ya siku moja hadi nne.

Wiki hizo nne hadi sita ndizo siri ya upele wa bweni. Mtoto anayeingia kidato cha kwanza akiwa ameambukizwa na binamu yake wakati wa Krismasi hajikuni, hana kipele, na daktari aliyejaza fomu yake ya afya hakuwa na cha kuona. Lakini utitiri umo ngozini, unataga, na unaweza kuhamia kwa mwingine. Atakapojikuna mara ya kwanza, jirani yake wa kitandani atakuwa ameshaupata na bado yuko kimya, na rafiki wa jirani huyo vilevile. Anayeonekana kuwa mgonjwa peke yake mara nyingi ni mmoja wa wagonjwa watano au kumi, ila wengine hawajaanza kuwashwa.

Ndiyo maana ukaguzi wa ngozi siku ya kufungua shule, ingawa ni jambo jema, hautoshi. Unawakamata wanaowashwa na kuwapitisha waliomo katika mwezi wa kimya. Shule inayokagua Januari peke yake inajidanganya. Inapaswa kukagua tena katikati ya Februari na katikati ya Machi, wakati mwezi wa kimya wa waliokuja nao na wa walioambukizwa na hao unapomalizika.

Vijana wa Sheffield na mablanketi ya jeshi

Kwa kuwa bweni limejaa mashuka, mataulo na sweta, ni rahisi kudhani kwamba upele unasafiri kwa nguo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia wakuu wa Uingereza waliamini hivyohivyo. Upele ulikuwa umewasumbua askari wengi, na nguvu kubwa ilitumika kuchoma kwa mvuke mablanketi na sare. Mtaalamu wa wadudu Kenneth Mellanby aliamua kupima dhana hiyo. Mjini Sheffield alikusanya vijana waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya dhamiri zao, nao wakakubali kutumia miili yao kutafuta ukweli.

Vijana hao walilala bila nguo ndani ya mablanketi yaliyotoka kutumiwa na askari wenye upele. Walivaa nguo za ndani za wagonjwa, hata hazijafuliwa. Wiki zikapita, na walioambukizwa kwa njia hiyo wakawa wachache mno. Mambo yalibadilika walipolala kitanda kimoja na wagonjwa, ngozi kwa ngozi. Ni Mellanby pia aliyeonyesha kwa ushahidi kwamba aliyeambukizwa mara ya kwanza hukaa karibu mwezi mzima bila mwasho, na kwamba mara ya pili mwasho huja upesi sana. Mwaka 1943 aliyachapisha matokeo hayo katika kitabu kuhusu upele, na mpaka leo ndiyo msingi wa wanachokijua madaktari.

Somo lake kwa matroni ni kubwa. Upele unataka mgusano mrefu wa ngozi, wa dakika 15 au 20 hivi. Kupeana mkono wa salamu hakuupitishi kirahisi. Kukaa dawati moja, kupanga mstari wa chakula, kucheza mpira: hatari yake ni ndogo. Utitiri ukitoka mwilini hufa ndani ya siku mbili au tatu. Kwa hiyo shule ikitaka kujua upele wake unapita wapi, iulize kwanza watoto wanalala vipi.

Mzungu wa nne

Watoto wa bweni wamelala mzungu wa nne tangu shule za bweni zilipokuwepo, kichwa cha mmoja miguuni mwa mwenzake. Sababu zake zinajulikana na kila aliyesoma bweni. Wakati mwingine vitanda ni pungufu: bweni lililojengwa kwa watoto 48 lina watoto 80, na kitanda cha dabodeka cha watu wawili kinabeba wanne. Wakati mwingine godoro limelowa au limeibwa.

Na mara nyingi sababu ni baridi. Juni na Julai katika Njombe, Makete, Mbeya Vijijini, au Limuru kule Kenya, blanketi moja jembamba halimtoshi mtoto aliyetoka Kilwa au Malindi. Watoto wawili wakiunganisha mablanketi yao wanapata usingizi, na utitiri unapata usiku mzima wa kuhama. Shule inayotaka kupunguza upele katika nyanda za juu ingeanza na mablanketi kabla ya mabango ya usafi.

Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 unataka kati ya kitanda na kitanda pawe na angalau mita 1.2, na njia ya kupita isipungue mita 2. Kipimo hicho kinajulikana zaidi kwa habari ya moto, kwa sababu watoto wanapaswa kuweza kukimbia. Lakini kina faida ya pili: vitanda vilivyosogezwa vikagusana huwa kitanda kimoja kipana cha watoto wanne au sita. Anayepita na futi kamba akapima nafasi ile amepima hatari mbili kwa pamoja.

Nchini Kamerun, watafiti waliochunguza wanafunzi 1,902 wa shule za bweni walichapisha mwaka 2016 matokeo yaliyoonyesha kwamba karibu 18 katika kila 100 walikuwa na upele. Katika bweni la watoto 80, kiwango hicho ni watoto 14. Hakuna uzembe wa watoto 14 unaoweza kueleza idadi hiyo. Panapokuwa na wagonjwa wengi kiasi hicho, ni mahali penyewe panapowaambukiza.

Nguo na maji

Je, nguo hazina hatia kabisa? Hatia yake ni ndogo, lakini ipo. Sweta iliyovuliwa sasa hivi na mwenye upele ikavaliwa papo hapo na mwingine, taulo linalotumiwa na watoto watatu asubuhi moja, shuka la aliyehama kitanda likalaliwa usiku uleule: njia hizi zinaweza kuupitisha utitiri, hasa zikirudiwa kila siku muhula mzima. Kuna pia aina adimu ya upele, upele wa magamba, unaowapata hasa wenye kinga dhaifu ya mwili. Mgonjwa wa aina hiyo huwa na utitiri maelfu, hata mamilioni, na ngozi yake hudondosha magamba yaliyojaa wadudu. Huyo anahitaji hospitali haraka, na kila kilichomgusa kinahitaji kusafishwa. Wanaomhudumia wamtendee kwa upole, kwa sababu anaugua magonjwa mawili.

Kuhusu maji lazima tuseme ukweli ambao wengi hawautarajii: kuoga hakuondoi upele. Utitiri umo ndani ya ngozi, na sabuni haiufikii. Mtoto anaweza kuoga mara mbili kwa siku na kubaki na upele wake. Kwa hiyo matroni anayemwambia mtoto "kaoge vizuri, vitaisha" hajamsaidia, na amemwongezea aibu.

Ila maji yana kazi nyingine. Mtoto anayejikuna hutoboa ngozi, na bakteria aina ya streptokoka na stafilokoka huingia kwenye vidonda hivyo. Hapo ndipo vipele hugeuka majipu na madonda yenye usaha. Streptokoka wa ngozi wanaweza kuamsha ugonjwa wa figo: uso unavimba asubuhi, miguu inavimba, mkojo unapungua na kuwa wa kahawia. Mtoto wa namna hiyo hapaswi kusubiri hadi Jumatatu. Maji ya kutosha, sabuni na kucha fupi haviuzuii upele kuingia, lakini vinazuia upele usifike kwenye figo.

Aibu na mazoea

Sasa tufike kwenye sababu ambazo hazipimwi kwa futi kamba. Ya kwanza ni aibu. Upele hupenda sehemu za siri: katikati ya mapaja, kwenye matako, kwenye uume wa mvulana, kuzunguka chuchu za msichana. Mvulana wa miaka 14 hatasimama mbele ya patroni na wenzake kueleza hayo. Anatafuta kona ya kujikunia, na usiku anasubiri taa zizimwe. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini bwenini kilio hicho huja baada ya wiki nyingi, na kwa wakati huo maradhi yameshagawanywa.

Aibu huzidishwa na maswali tunayouliza. Katika shule nyingi kulala kitanda kimoja na mwenzako ni kosa la nidhamu. Mwanafunzi anayeulizwa "umelala na nani?" na mwalimu mwenye fimbo mkononi atajibu kwamba hajalala na mtu. Jibu hilo la uongo linaacha watoto watatu au wanne bila dawa. Nidhamu ina mahali pake, lakini katika saa ya kutafuta wagonjwa muuguzi anahitaji ukweli kuliko adhabu. Swali likiulizwa faraghani, na mtoto akaahidiwa kwamba halitampeleka kwa mwalimu wa nidhamu, majina yatapatikana.

Sababu ya pili ni mazoea. Njuka, yaani mwanafunzi mgeni, akianza kujikuna anaambiwa na kidato cha tatu kwamba hayo ndiyo maisha ya bweni, atayazoea. Kwenye pesantren za Indonesia, shule za bweni za Kiislamu zenye mamilioni ya wanafunzi, upele umezoeleka kiasi kwamba watu husema mtu hajawa santri kamili, yaani mwanafunzi wa pesantren, mpaka augue. Kauli hiyo huchukuliwa kama faraja kwa mtoto mgeni, lakini inamfundisha kunyamaza. Ugonjwa unaohesabiwa kuwa ni sehemu ya kukua hauripotiwi, na usioripotiwa hautibiwi.

Wanaobeba mzigo mkubwa ni wadogo. Njuka ndiye anayetumwa kufua nguo za wakubwa, ndiye anayenyang'anywa blanketi, ndiye anayepewa kitanda cha pembeni chenye chaga zilizovunjika na kuhamia kwa mwenzake. Bweni lenye uonevu huwa pia bweni lenye upele, kwa kuwa anayeonewa hana uwezo wa kukataa kuazima nguo yake wala wa kulinda nafasi yake ya kulala.

Tusisahau gharama ya masomo. Mwasho wa upele huzidi usiku. Mtoto asiyelala wiki nne husinzia darasani, hukaripiwa kwa uvivu, na matokeo yake ya mtihani wa robo muhula hushuka bila mtu yeyote kuunganisha alama zile na kucha zake.

Dawa nusu

Tuseme sasa upele umegunduliwa. Ni hapa, baada ya ugonjwa kujulikana, ambapo shule nyingi hushindwa.

Dawa zipo na si ngeni. Kuna BBE, dawa nyeupe ya maji inayopatikana katika maduka mengi ya dawa; kuna krimu ya permethrini ya asilimia 5; kuna mafuta ya salfa; na kuna vidonge vya ivermektini vinavyotolewa kulingana na uzito. Kila moja hufanya kazi ikitumiwa sawasawa. Bwenini haitumiwi sawasawa.

Mtoto hupewa chupa na kuambiwa ajipake. Anapaka pale panapowasha tu, wakati utitiri upo pia pasipowasha. Dawa inapaswa kupakwa kuanzia shingoni hadi nyayoni, katikati ya vidole vyote, chini ya kucha, kwenye kitovu, kwenye matako na sehemu za siri, na mgongoni ambako mtu hafiki bila msaada wa mwingine. Anaponawa mikono kwenda kula anapaswa kupaka tena mikononi. BBE huchoma kwenye ngozi iliyokwanguliwa, hivyo wengi hupaka mara moja na kuacha. Na kwa kuwa chupa ni moja na marafiki ni watatu, kila mmoja hupata theluthi ya dozi.

Kisha kuna kosa la kumtibu mmoja. Mtoto amepaka dawa vizuri, utitiri wote umekufa, na usiku wa pili analala karibu na yuleyule aliyemwambukiza, ambaye bado yuko katika mwezi wake wa kimya. Kumtibu mmoja katika bweni la wengi ni kuteka maji kwa pakacha. Safari hii mwasho utamrudia baada ya siku chache, na kila mtu atasema dawa haifai.

Kosa la tatu ni kutojua kwamba mwasho huendelea wiki mbili hadi nne baada ya utitiri kufa, kwa sababu mabaki yake bado yamo ngozini. Asiyeambiwa hilo hurudia dawa kila siku mpaka ngozi inaungua, au hukimbilia krimu za kuondoa mwasho zenye steroidi. Krimu hizo hutuliza hasira ya mwili na kuwaacha utitiri wakizaliana kwa raha. Vipele vinafifia, mtoto anaonekana amepona, na kumbe ndiye anayeambukiza zaidi.

Ushahidi kutoka visiwani

Kwamba upele unashindwa unapopigwa kwa pamoja, tunalo jambo la karibu la kulithibitisha. Kuanzia mwaka 2001 wananchi wa Unguja na Pemba walipewa ivermektini pamoja na albendazoli, mwaka hadi mwaka, kwa ajili ya kuondoa matende na mabusha. Upele haukuwa lengo la kampeni hiyo. Lakini kumbukumbu za vituo vya afya visiwani zilipochunguzwa baadaye, idadi ya waliofika kutibiwa upele ilikuwa imeshuka kwa kiasi kikubwa. Dawa iliyomezwa na wote kwa ajili ya ugonjwa mmoja iliubana mwingine.

Huko Fiji, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, jambo hilo lilipimwa kwa makusudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulilinganisha jamii tatu. Katika jamii ya kwanza walitibiwa waliougua na watu wao wa karibu tu, kama ilivyo kawaida. Baada ya miezi 12 upele ulishuka kutoka asilimia 36.6 hadi 18.8. Katika jamii ya pili wote walipewa permethrini, na upele ukashuka kutoka asilimia 41.7 hadi 15.8. Katika jamii ya tatu wote walipewa ivermektini, na upele ukashuka kutoka asilimia 32.1 hadi 1.9.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, likikadiria kwamba wakati wowote watu zaidi ya milioni 200 duniani wanao. Ni sahihi kuuita uliosahauliwa. Mwaka 1687 daktari wa Italia Giovanni Cosimo Bonomo, pamoja na mfamasia Diacinto Cestoni, walishaeleza kwamba upele unaletwa na mdudu anayeonekana kwa hadubini. Zaidi ya miaka 300 baadaye bado kuna mtoto anayechapwa kwa ajili ya mdudu huyo.

Neno fupi kuhusu mapunye

Mapunye, yanayoitwa pia mashilingi, husafiri kwa njia tofauti. Haya ni kuvu wa kichwani. Mashine ya kunyolea inayopita vichwa 60 Jumamosi moja bila kusafishwa, kitana na kofia za kuazimana, ndivyo vyombo vyake. Krimu za kupaka hazifiki kwenye shina la nywele, kwa hiyo mtoto anahitaji vidonge, kwa kawaida griseofulvini, kwa wiki sita hadi nane. Shule ikihakikisha kila mashine inasafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu baada ya kila kichwa, imeuziba mlango mkubwa kwa gharama ndogo.

Usiku mmoja kwa wote

Turudi kwenye upele na kazi inayotakiwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, na bweni halitibiwi kwa chupa moja. Watoto wawili au zaidi wa bweni moja wakithibitishwa kuwa na upele, mpango uwe hivi.

Kwanza, aitwe mtaalamu: muuguzi wa shule, tabibu wa kituo cha afya, au afisa wa ngozi wa hospitali ya wilaya palipo naye. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha maofisa wa aina hiyo tangu mwaka 1992. Yeye ndiye atakayechagua dawa na kupima uzito. Ivermektini haipewi mtoto wa chini ya kilo 15 wala msichana mjamzito, na katika maeneo ya Kongo na Kamerun yenye minyoo ya loa inahitaji tahadhari kubwa zaidi.

Pili, wote wapate dawa usiku uleule: anayejikuna na asiyejikuna, kiranja na njuka, pamoja na matroni anayelala humo. Kama ni dawa ya kupaka, wapakane migongo wawili wawili wakiwa wamevaa glavu, chini ya usimamizi wa mtu mzima wa jinsia yao. Permethrini ikae mwilini saa 8 hadi 14, na BBE kama atakavyoelekeza mtaalamu.

Tatu, asubuhi yake nguo, shuka na taulo zilizotumika siku tatu zilizopita zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, kisha zipigwe pasi. Panapokosekana maji ya moto, vitu vifungwe ndani ya mfuko mzito au ndoo yenye mfuniko kwa wiki moja, utitiri hautavumilia. Hakuna haja ya kuchoma magodoro wala kupuliza sumu bwenini.

Nne, dawa irudiwe baada ya siku 7 hadi 14 kwa wote, ili kuwaua waliokuwa mayai mara ya kwanza. Tarehe hiyo iandikwe ukutani siku ya dozi ya kwanza. Dozi ya pili ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo inayomaliza kazi.

Tano, wazazi waarifiwe kabla ya likizo. Ujumbe mfupi wa simu unatosha: bweni limetibiwa, mtoto anaweza kuwashwa wiki chache zijazo, na kama nyumbani kuna anayejikuna basi familia nzima itibiwe siku moja. Bila hatua hii shule inajitibu Machi na kuambukizwa upya Aprili.

Gharama za mpango huu ziwekwe mezani na bodi ya shule pamoja na gharama za kutofanya kitu: chupa zinazonunuliwa kila muhula na kila mzazi kwa nafasi yake, usiku usio na usingizi, vidonda, na hatari ya figo. Mzazi anayehudhuria kikao ana haki ya kuuliza maswali manne yenye majibu ya wazi. Bweni la mwanangu lina vitanda vingapi na watoto wangapi? Ngozi zao zilikaguliwa lini mara ya mwisho, na zitakaguliwa lini tena? Mtoto akitaka kusema anawashwa, anamwambia nani bila wenzake kusikia? Na mara ya mwisho upele ulipotokea, walitibiwa wangapi?

Jibu la swali la mwisho likiwa "wale waliougua", shule hiyo bado haijaanza kutibu. Likiwa "wote, mara mbili", watoto wake watalala.